Kilichorejelezwa kikae wapi jikoni?

Kando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, mafuta ya alizeti huuzwa kwenye chupa zilizokwishatumika kwa maji ya kunywa. Mnunuzi huinua chupa juani akaangalia kama mafuta yametulia. Chupa yenyewe haikagui. Kwenye mikutano yetu ya elimu ya mazingira, kinamama huniuliza: vyombo vilivyorejelezwa, yaani vilivyotengenezwa upya kutokana na taka, ni salama? Huwajibu kwamba inategemea chombo kinakwenda kukaa wapi jikoni.

Faida ya kurejeleza kwa mazingira ni kubwa. Kuyeyusha alumini chakavu hupunguza nishati kwa takriban asilimia 95 ukilinganisha na kuipata kutoka kwenye madini ya boksaiti. Kioo hurudi tanuruni mara nyingi bila kupungua ubora. Plastiki huchoka kila inapoyeyushwa, ndiyo maana mara nyingi huishia kuwa beseni au ndoo ya taka. Hata hivyo, beseni hilo ni plastiki ambayo haikupeperushwa na upepo wa kiangazi hadi malishoni, mbuzi wakaila. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na madumu bado tunayo kila kona.

Kwa hiyo pipa la taka, beseni la kufulia, ndoo ya kudekia, nunua vya plastiki iliyorejelezwa bila kusita. Kwa chakula, mitungi ya kioo iliyobaki baada ya jamu kuisha inafaa sana kuhifadhia ubuyu, chumvi na viungo. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya shamba lisiingie jikoni kabisa, hata ukilisuuza mara kumi. Na chupa laini ya maji usiitie kitu cha moto. Hulegea na kujikunja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sufuria nzito za alumini zinazomiminwa na mafundi kutokana na vyuma chakavu. Nawaheshimu mafundi hawa, kazi yao inaokoa mali. Lakini ndani ya tanuru moja huweza kuingia rimu, vipande vya injini na redieta kuukuu zilizoungwa kwa lehemu yenye metali ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Huwezi kuiona wala kuionja.

Mapishi yetu nayo huichokoza sufuria. Nyanya, ukwaju na ndimu hula alumini kwa uchachu wake. Magadi tunayotia kwenye mlenda huila pia, na ndiyo maana sufuria huwa nyeusi ndani. Mlenda na mchuzi wa nyanya vipikie kwenye chungu au sufuria ya chuma cha pua, na chakula kisilale ndani ya alumini. Acheni pia kusugua ndani kwa mchanga ili ing'ae, maana mnaondoa utando unaoizuia isiliwe. Kama sufuria hiyo unayo tayari, ichemshie maji ya kuoga.

Chupa ya alizeti ikiisha, isuuze kwa maji yaliyokwishaoshea vyombo, kwa kuwa maji Dodoma ni ya kubana. Toa kifuniko ukiweke kando, maana kwa kawaida ni plastiki ya aina nyingine, kisha mpe anayepita akinunua chupa kwa kilo.