Je, wajua kwa nini chapati moja inaweza kumlaza kitandani mtu ambaye ugali anaula kila siku na hapati shida?

Siku ukikanda unga wa chapati, kata donge la ukubwa wa limao uliweke kwenye bomba, maji yatiririke huku unaliminya taratibu. Yatatoka meupe kama tui, huo ni wanga unaondoka, alafu ukiendelea utajikuta umebaki na kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika kama bigijii. Hicho ndo gluteni, protini ya ngano, ndo inafanya chapati ivutike na mkate uumuke. Ukifanya hivyo hivyo na unga wa sembe unabaki mikono mitupu, wote unaenda na maji. Shayiri nayo ina gluteni, na nafaka moja inaitwa rai ambayo huku kwetu haipo sana. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, hivyo vyote havina.

Mi haya mambo nimeyajua kwa sababu ya mdogo wangu. Alianza kuumwa tumbo yuko fomu tuu, linajaa, anaharisha, anapungua mpaka sketi ya shule inafungwa na pini, na hapa Dar ukisema tumbo kila mtu ana jibu lake, mara amiba, mara taifodi, mara minyoo, akapewa dawa za vyote hivyo. Kilichomshtua daktari mmoja mwishoni ni damu. Alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu miezi na miezi na damu haipandi, akauliza, sasa hiki chuma anachokunywa kinaenda wapi?

Kilikuwa kinapita tu. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyuzi vidogo sana vimesimama, yani ukipapasa taulo jipya unajua nasema nini, na kazi yao ni kunyonya chakula. Sasa gluteni ni protini ngumu kumeng'enywa hata kwa mtu mzima wa afya, kuna vipande vinabaki. Kwa wengi wetu vinapita bila neno. Kwa mwenye siliaki, ndo jina la ugonjwa wenyewe, kinga ya mwili inavichukulia vile vipande kama adui, na katika kupigana inaumiza utumbo wake yenyewe, vile vijinyuzi vinafyekwa vinalala, taulo linakuwa kama kitambaa cha kaniki kilichochakaa. Basi hapo chuma hakinyonywi, kalsiamu hainyonywi, mtu anakula anashiba na bado anakonda. Wengine hata tumbo hawaumwi kabisa, wanaona tu upungufu wa damu, uchovu, au vipele vinavyowasha viwikoni na magotini.

Kwaiyo sio sumu na sio mzio wa kuvimba midomo, ni kinga ya mwili inayojishambulia, na mtu anazaliwa na vinasaba vinavyoiruhusu. Ila kuwa na vinasaba sio kuugua, watu wengi tu wanavyo na wanakula mkate mpaka uzeeni.

Aliyeishika ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiushuku mkate tangu miaka ya 1930, alafu ikaja ile njaa ya vita, baridi ya 1944 kuingia 1945, mkate ukapotea mjini na wale watoto wake wa siliaki wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofika kwa njaa. Mkate uliporudi, na wao wakarudi kuumwa. Na anayesema ni ugonjwa wa wazungu aangalie Wasaharawi wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, watoto wao walipopimwa walikutwa nao zaidi ya 5 kwa kila 100, wakati Ulaya ni kama 1 kwa 100.

Jambo ambalo naomba sana mtu alishike, usiache ngano kabla hujapimwa. Kipimo cha kwanza ni cha damu kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza katika huo ugomvi na gluteni, alafu kinafuata cha kamera mdomoni mpaka utumboni, wanachukua kinyama kidogo. Ukishaacha ngano muda, askari wanapungua, utumbo unapona, kipimo kinasema huna wakati unao. Mdogo wangu alikuwa ameacha mwenyewe kwa sababu jirani alimshauri, ikabidi arudishiwe mkate wiki kadhaa ndo apimwe, na zile wiki nisingependa kuziona tena.

Dawa hakuna, dawa ni kuacha, maisha yote. Na watu wanavyosikia hivyo wanamhurumia, maskini atakula nini, wakati ukiangalia kwa makini jiko la Dar limeshamaliza nusu ya kazi. Ugali upo, wali upo, ndizi, magimbi, muhogo wa nazi, viazi vitamu, maharage, samaki, dagaa. Mkate wa kumimina na vitumbua ni mchele, ila muulize anayepika, wapo wanaochanganya ngano ili usivunjike.

Tabu iko kwenye vitu vinavyogusana. Chips zimekaangwa kwenye karai lililotoka sambusa. Mishkaki imelowekwa soya sosi, na soya sosi nyingi zina ngano. Kachori ni kiazi lakini nje imepakwa unga. Bia nyingi ni shayiri. Na watu wanasema mafuta si yanachemka, yanaua. Yanaua nini? Gluteni sio mdudu, moto hauiondoi. Miligramu 50 kwa siku zimeonekana kuharibu utumbo wa mgonjwa, na slaisi moja ya mkate ina kama gramu 2, kwaiyo piga hesabu mwenyewe hapo tunaongelea makombo.

Mashine ya kusaga ndo ilitutesa kuliko vyote. Tulikuwa tunapeleka mahindi yetu safi, tumechambua wenyewe, na mtoto bado anaumwa. Siku moja nikamuuliza yule kaka wa mashine, kaka, hapo umetoka kusaga nini? Akasema uji wa lishe wa mama fulani, dada, ila nimeshapuliza. Nikaomba niangalie ule mfuko wa kitambaa unaotoa unga, nikaukung'uta, ukadondosha vumbi la kutosha kujaza kijiko. Lishe ya yule mama ilikuwa na ngano. Tangu siku ile mahindi tunatwanga kinu chetu, na mchele wa vitumbua tunauloweka usiku tunasaga kwa blenda ambayo haijawahi kuona ngano.

Ugenini ndo pagumu zaidi, kwa sababu chai ya mgeni haikataliwi. Shangazi yetu wa Magomeni alilia kabisa Idi ya kwanza, akaona mtoto anakataa mkono wake. Tulikaa naye tukamuelekeza kidogo kidogo, na siku hizi ana sufuria yake moja amefunga uzi mwekundu mkononi, haingii chapati wala tambi humo, na wajukuu wameambiwa.

Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, kwa makadirio, mmoja katika kumi anaweza kuwa nao, kwaiyo na mimi nimetoa damu wiki iliyopita. Mpaka majibu yatoke inabidi niendelee kula ngano kama kawaida, chapati yangu naila nje barazani, nanawa, ndo naingia ndani.