Tarot haikutoka kwa Mafarao
Januari, barazani Ngamiani, Tanga, vijana wanavuta karata za tarot kutazamia mwaka. Seti yenyewe imechorwa samaki, na mmoja anagoma: eti tarot halali ni ya Misri ya kale.

Sivyo. Tarot ilizaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15, na ilikuwa mchezo wa turufu tu. Wafaransa huucheza hadi leo, kwa karata 78. Hadithi ya Misri ilienezwa Paris mwaka 1781 na mwandishi Antoine Court de Gébelin, aliyejiamini kupita kiasi, maana hieroglifu zenyewe, yaani maandishi ya Misri ya kale, msomi Mfaransa Champollion alizifumbua baadaye, 1822. Ramli ya tarot ikashika kasi baada ya Gébelin. Picha zimebadilika tangu enzi za mabwana wa Milano, mji wa kaskazini mwa Italia. Samaki hawavunji sheria yoyote.