Mapenzi ya Toscana kwa Kijerumani: Hugo Wolf na kitabu cha Heyse

Waimbaji wengi wanaokuja kwangu na Italienisches Liederbuch ("Kitabu cha Nyimbo za Kiitaliano") ya mtunzi wa muziki Hugo Wolf huanza kwa kuitafuta Italia ndani yake. Wanatarajia gitaa, mapigo ya dansi za kusini, jua la Napoli. Wanafunua kurasa mpaka wanachoka, kwa sababu Italia hiyo haimo. Kazi yangu ni kuwapigia piano waimbaji wa nyimbo za kisanii za Kijerumani, zile ambazo wenyewe huziita Lieder, na neno langu la kwanza kwao huwa ni hili: Wolf hakutunga nyimbo za Kiitaliano. Alitia muziki mashairi ya Kijerumani yaliyozaliwa Italia. Ukilikubali hilo, nusu ya matatizo ya kitabu hiki yanajimaliza yenyewe.

Mwenye mashairi ya Kijerumani ni Paul Heyse, mzaliwa wa Berlin, ambaye mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi na leo hasomwi sana hata kwao. Mwaka 1860 alichapisha tafsiri za nyimbo za wanakijiji wa Italia, akichota kwenye mikusanyo ya watu kama Niccolò Tommaseo na Giuseppe Tigri. Watunzi wa asili hawajulikani. Mwaka huohuo wa 1860 ndipo alipozaliwa Wolf, katika mji wa Windischgraz, ambao siku hizi ni Slovenj Gradec nchini Slovenia.

Sehemu kubwa ya alichochagua Wolf ni rispetto, utungo mfupi wa mapenzi unaohusishwa zaidi na Toscana, mkoa mmoja wa Italia. Kwa kawaida una mishororo 8, kila mshororo mizani 11: mfupi kuliko mshororo wa shairi letu la mizani 16, mrefu kuliko wa utenzi. Ndani yake mtu anasifu, analalamika, anaomba suluhu au anamtia mwenzake adabu. Hakuna kisa kirefu. Ni kama kauli moja iliyotolewa dirishani, na mara nyingi uzito wote umewekwa kwenye kituo.

Hapo kwenye mizani ndipo penye mambo. Kiitaliano, kama Kiswahili, kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo karibu kila mshororo wa rispetto unaishia kwa kushuka: belle, care, rosa. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, na ukitaka vina vyake huwezi kuyakwepa. Wimbo wa kwanza kitabuni unaonyesha wazi. Kiitaliano chake kinaanza Le cose piccoline son pur belle, yaani vitu vidogo navyo ni vizuri. Heyse anaanza Auch kleine Dinge können uns entzücken, mizani 11 kamili na mwisho unaoshuka vilevile. Lakini mshororo wake wa pili unakomea kwenye sein, wa nne kwenye klein, na minne ya mwisho yote inatua juu ya silabi yenye mkazo. Kwa masikio yetu ni tofauti ya mlango unaorudishwa taratibu na ule uliofungwa kwa komeo.

Mtunzi wa muziki hawezi kujifanya hajaiona tofauti hiyo. Lahani inayofaa kwa mwisho unaoshuka itaonekana imepwaya juu ya mwisho unaotua. Wolf alitunga kwa kuufuata mkazo wa Kijerumani hatua kwa hatua, silabi moja noti moja karibu kila mahali, na ni nadra sana kurudia maneno ya mshairi. Schubert, mtunzi wa Lieder aliyemtangulia, angeweza kuurudia mshororo wa mwisho mara mbili au tatu kwa raha zake, na msikilizaji wa taarabu, aliyezoea kurudishiwa maneno mpaka yamwingie, atashangaa jinsi nyimbo hizi zinavyokwisha upesi. Nyingi hazifiki dakika mbili.

Basi hisia zimewekwa wapi, kama sauti imebanwa namna hiyo? Kwenye piano. Katika Auch kleine Dinge piano inatangulia peke yake, katika A meja, kwa mchoro mmoja wa noti ndogondogo unaoendelea mpaka mwisho wa wimbo. Juu yake mwimbaji anataja lulu, kisha tunda la zeituni, kisha waridi: vyote vidogo, vyote vya thamani. Heyse anamalizia kwa maneno wie ihr wisst, "kama mjuavyo", na hayo yanamfanya mwimbaji awageukie waliomo ukumbini. Wolf hayapigii tarumbeta. Anayaacha yatamkwe kwa upole, na piano inamalizia. Mwimbaji anayepanua sauti hapo ili apigiwe makofi ameuharibu wimbo wote. Kwa wanaotoka kwenye Kiswahili naongeza onyo jingine: konsonanti za mwisho wa wisst zisizae irabu. Tumezoea kuifunga silabi kwa irabu, na ikichomoza hapo, mshororo unarudi kushuka Kiitaliano wakati muziki umeshatua.

Wolf aliuweka wimbo huo mlangoni kwa makusudi, maana sio wa kwanza kutungwa. Wa kwanza ni Mir ward gesagt, wa Septemba 1890. Huu wa vitu vidogo ni wa Desemba 1891. Utungaji wenyewe ulikwenda kwa vishindo. Nyimbo 7 mwaka 1890, 15 mwishoni mwa 1891, halafu kimya. Miaka kadhaa aliandika barua akilalamika kwamba chemchemi imekauka. Akaja kuandika opera, na ndipo kati ya Machi 25 na Aprili 30 mwaka 1896 zikamtoka nyimbo 24 zilizobaki. Jumla 46. Mwaka uliofuata akili yake ilivurugika kwa kaswende, na akafariki Vienna mwaka 1903. Nayasema haya haraka kwa sababu watu wanapenda mno kusikia ugonjwa wake ndani ya nyimbo hizi. Mimi siusikii. Nasikia mtu aliyekuwa akifanya kazi kwa akili kali na mzaha mwingi.

Mzaha huo nauona zaidi kwenye nyimbo za wanawake. Wanaume wa kitabu hiki wanasifu na kuabudu: mmoja anadai mwezi umeshtaki mbinguni kwamba nyota mbili nzuri kuliko zote zimepotea, nazo ni macho ya mpenzi wake. Wanawake hawana muda huo. Yuko anayealikwa chakula na mpenzi, akakuta hakuna kuni, mkate mgumu na kisu butu. Yuko wa Wie lange schon, aliyeomba siku nyingi apate mchumba mwanamuziki. Mungu amemjibu: huyo anakuja, mpole, kichwa ameinamisha, anapiga fidla. Sauti inanyamaza, na sasa piano ndiyo fidla. Nayo inapiga vibaya! Inasitasita, inatafuta noti, kisha inajikaza na kutetemesha noti moja kama fundi mkubwa. Ndani ya Heyse hakuna neno hata moja linalosema kijana hajui kupiga. Hiyo ni hukumu ya Wolf mwenyewe, na imetolewa baada ya maneno kwisha. Mpiga piano akiipiga sehemu hiyo kwa ustadi safi, mzaha unakufa. Akiizidisha, inakuwa vichekesho vya jukwaani. Binafsi naipiga kana kwamba kijana yule anajitahidi kwa dhati.

Wimbo wa mwisho, Ich hab in Penna, ni wa mwanamke anayeorodhesha wapenzi wake kwa mahali wanapokaa: Penna, Maremma, Ancona, Viterbo, Casentino, mmoja wa hapohapo kwake, mmoja Magione, wanne La Fratta na kumi Castiglione. Nimejumlisha, ni 21. Majina ya mahali ndiyo Kiitaliano pekee kilichobaki, na Wolf anayapitisha mbio mpaka piano inalipuka.

Heyse hakuishia kwa Wolf. Mtunzi Brahms alikwishauchukua utungo wake mmoja wa Toscana katika Am Sonntag Morgen, na mwaka 1912 mtunzi mwingine, Joseph Marx, alitoa Italienisches Liederbuch yake ya nyimbo 17, nene, zenye rangi nyingi, sauti imeachiwa inyooke. Mwimbaji mwenye sauti kubwa atakifurahia zaidi kitabu cha Marx, na simlaumu. Kwa Wolf kuna hatua moja ambayo siiruki na mwimbaji yeyote, hata akiwa mzoefu: kabla ya noti, shairi lisomwe kwa sauti kama mazungumzo, mpaka mtu aliyekaa kando ajue nani anamkasirikia nani. Wolf mwenyewe alikuwa na desturi ya kuwasomea watu shairi kwanza, halafu ndipo akae kwenye piano.