Namba za Final Fantasy zina maana gani, na matoleo yake hulinganishwaje

Mtu akikutana na Final Fantasy X, yaani ya kumi katika mfululizo huu wa gemu za video, kwa mara ya kwanza, huuliza: hizo tisa za nyuma nizimalize kwanza? La, hakuna haja. Tidus, kijana anayebeba kisa cha X, hana habari na Zidane wa IX. Spira anamohangaika yeye na Gaia ya mwenzake ni dunia mbili zisizojuana. Namba iliyo kwenye jalada inakuambia gemu ilikuwa ya ngapi kutoka, basi.

Huu ndio unaoitwa mfululizo wa visa huru. Jina ni moja, kampuni ni moja, baadhi ya sura zinarudi, lakini kila toleo lina dunia yake, watu wake na mwisho wake. Aliyekulia kwenye ngano hatapata tabu kuelewa: Fisi anadanganywa na Sungura leo, na kesho katika ngano nyingine anadanganywa upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Final Fantasy nayo ina akina Sungura wake. Yupo chocobo, ndege mkubwa wa manjano anayepandwa kama farasi, aliyeanza kuonekana katika toleo la pili mwaka 1988. Yupo moogle, kijitu chenye manyoya meupe na kibonge kinachoning'inia juu ya kichwa, aliyeingia na toleo la tatu mwaka 1990. Na yupo mtu anayeitwa Cid, ambaye mara nyingi ana uhusiano na merikebu za angani. Cid wa IV ni fundi mwenye ndevu. Wa VII ni rubani mvuta sigara asiyeishiwa matusi. Wa VIII ni mkuu wa chuo cha kijeshi, mpole hadi unamshangaa. Wanachangia jina tu.

Hapo ndipo ulinganishi wa maana unapoanzia. Mabishano ya "VI au VII, ipi bora?" yanaweza kukesha na yasifike popote, kwa sababu kila mmoja hutetea ile aliyoicheza utotoni. Swali lenye faida ni hili: kitu kile kile kimepewa kazi gani katika kila toleo?

Mchukue Ifrit, jitu la moto lenye pembe. Katika VII yeye ni shambulizi lililofungiwa ndani ya jiwe linaloitwa materia: unalipachika kwenye silaha, unamwita, anatema moto, anaondoka. Katika VIII hakai kwenye jiwe, anakaa ndani ya mtu. Mhusika akimbeba hupata uwezo mpya, na kisa chenyewe kinaeleza bei yake: wanaowabeba viumbe hawa hupoteza kumbukumbu zao. Katika X anayemwita ni Yuna, mwenzake Tidus, na Ifrit akishuka wenzako wanajitoa uwanjani, unamwongoza yeye mwenyewe pigo kwa pigo. Katika XVI, iliyotoka Juni 2023, mwanadamu ndiye anayegeuka kuwa Ifrit, na kisa chote kinazunguka balaa hilo. Jina halijabadilika kwa miaka zaidi ya thelathini, lakini kila kundi la watengenezaji limeulizwa upya: nguvu kubwa kama hii inamgharimu nini anayeitumia? Majibu yao yakiwekwa bega kwa bega, unaona tofauti ya matoleo vizuri kuliko kwenye orodha yoyote ya "kumi bora".

Uti wa mgongo wa mfululizo, kwa maoni yangu, ni saa. Nani anaimiliki saa wakati wa pambano, mchezaji au gemu?

Final Fantasy ya kwanza ilitoka Japani tarehe 18 Desemba 1987 kwa ajili ya Famicom, mashine ya Nintendo. Iliongozwa na Hironobu Sakaguchi wa kampuni ya Square, muziki ukiwa wa Nobuo Uematsu na michoro ya Yoshitaka Amano. Saa ilikuwa yako yote. Unawapa amri wapiganaji wako wanne mmoja mmoja, kisha unatazama raundi ikijiendesha. Lakini gemu ilikuwa kali kwa namna yake: ukiwatuma wawili wamshambulie adui mmoja na wa kwanza akamuua, wa pili alipiga hewa. Hakuhamia kwa adui wa pembeni. Ilibidi ukadirie mapema nani atakufa kwa pigo la ngapi. Matoleo mapya yamelainisha jambo hilo, nami naona kuna ladha iliyopotea.

Mwaka 1991, katika IV, Hiroyuki Ito alileta mfumo unaojulikana kwa herufi ATB (Active Time Battle, yaani pambano ambalo saa haisimami). Raundi zilivunjwa. Kila mpiganaji na kila adui akapewa saa yake, mwenye kasi akipata zamu mara nyingi zaidi ya mzito. Ito amesema wazo lilimjia kutokana na mbio za magari za Formula One, ambamo magari hupishana kwa kasi tofauti. Matokeo yake kwa mchezaji ni haya: unapopekua orodha ya uchawi ukitafuta dawa, adui hakusubiri. Kwa wasiopenda presha kuna chaguo la kusimamisha saa unapofungua orodha hizo. Mfumo huu ulidumu, kwa marekebisho, hadi IX mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akizungumzia "Final Fantasy ya zamani" bila kufafanua, mara nyingi mfumo huu ndio anaouwazia.

X ikaurudisha umiliki wa saa kwa mchezaji, na hata ikamwonyesha mambo yajayo. Pembeni mwa skrini kuna safu ya sura: huyu ndiye anayefuata, kisha yule, kisha adui. Ukiweka kidole kwenye amri nzito, kabla hata hujaithibitisha, unaona sura yako ikisukumwa chini kwenye foleni. Ni mfumo wa polepole unaofikirisha, na sijaona toleo jingine lililoeleza gharama ya kila tendo kwa uwazi kama huo.

Kisha XII, mwaka 2006, ikaenda upande wa pili kabisa. Ito yule yule alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake wawili. Hapa unawaandikia wenzako kanuni zinazoitwa gambit, zinazosomwa kutoka juu kwenda chini: mwenzako yeyote uhai wake ukishuka chini ya asilimia 50, mtibu, adui akiwa na uhai asilimia 100, mwibie kwanza, wengine wote, piga. Ukipanga vizuri, unaingia pangoni na mikono mifukoni. Wapo walioona hiyo ni gemu inayojicheza yenyewe. Mimi naona kazi ya mchezaji ilihamishwa tu: badala ya kuamua wakati wa pambano, unaamua kabla yake. Ukikosea mpangilio, kanuni zako zitakuangusha hadharani.

XIII ya mwaka 2009 ilikuachia mtu mmoja na kazi ya kubadilisha majukumu ya kikosi kizima papo hapo, kutoka kushambulia kwenda kujihami na kutibu. Ililaumiwa sana, na lawama za njia zake nyembamba, zinazokuburuta mbele kwa saa nyingi, ni za haki. Lawama za mapambano yake si za haki. Ni kati ya yenye mwendo mzuri kuliko yote. Kufikia XV mwaka 2016 na XVI, saa imekuwa ya kila mtu: unapiga, unakwepa, kitufe kwa kitufe. Mkurugenzi wa mapambano ya XVI, Ryota Suzuki, alitoka kampuni ya Capcom ambako alifanyia kazi Devil May Cry 5, gemu ya mapigano ya kasi, na inaonekana. Wenye vidole vizito wamewekewa vito vya kuvaa, kimojawapo kikimsaidia Clive, mhusika mkuu wa XVI, kukwepa.

Mhimili mwingine wa kulinganisha ni jinsi wahusika wanavyokua. Hapa nitapita haraka kwenye mengi ili nikae kwenye moja. Toleo la pili lilifuta ngazi za uzoefu: ukipiga kwa upanga ustadi wako wa upanga unakua, ukiumizwa uhai wako unaongezeka, na wachezaji wajanja wakaanza kuwapiga wenzao wenyewe ili wakomae. V ilitoa kazi 22 za kubadilishana, ukiweza kumpa ninja uwezo wa kutibu aliojifunza kwenye kazi nyingine. VII ilihamishia uwezo kwenye materia, hivyo yeyote anaweza kuwa yeyote.

VIII ndiyo inayostahili kukaliwa. Uchawi humo haulipiwi kwa pointi za nguvu. Unakusanywa kama nafaka ghalani, hadi mia moja kwa kila aina, mara nyingi kwa kumnyonya adui. Kisha akiba hiyo inaunganishwa na mwili: Cure (uchawi wa kutibu) mia moja kwenye uhai, mathalani, na uhai unapanda. Maana yake, kila unapotumia uchawi ulioungana na nguvu zako, unajidhoofisha. Isitoshe, maadui hupanda ngazi pamoja nawe, kwa hiyo ile desturi ya kuzunguka porini ukipigana ili uwe imara inaweza kukurudi. Aliyegundua siri hufanya kinyume: huwageuza maadui kuwa karata, jambo ambalo halitoi uzoefu lakini linaendelea kukuza uwezo, kisha huzisaga karata hizo kupata vifaa na uchawi mkubwa. Squall wake, mhusika mkuu wa VIII, anabaki ngazi ya chini, maadui wanabaki dhaifu, naye anawapasua kwa pigo moja. Ni wazo la ujasiri kuliko yote katika mfululizo, na ndilo lililofundishwa vibaya kuliko yote. Wengi wanaosema VIII ni mbovu waliicheza kama VII, nayo haikuwakanya.

Hata hivyo, si kila kitu huanza upya. Zipo sheria zinazovuka. Kifaa kiitwacho Phoenix Down humfufua mwenzako aliyeanguka, na humuua adui ambaye tayari ni mfu. Katika VI, mwaka 1994, kuna treni ya mizimu ambayo ni adui mkubwa kabisa wa eneo lake; mrushie Phoenix Down moja, imekwisha. Miaka saba baadaye, katika X, joka Evrae Altana linakwenda kwa mbili. Hakuna anayekuambia. Aliyecheza matoleo ya nyuma anajaribu tu, anacheka.

Sasa tahadhari kwa anayesoma maandishi ya zamani. Matoleo ya II, III na V hayakuuzwa Marekani yalipotoka Japani. Kwa hiyo IV iliuzwa huko kama "Final Fantasy II", na VI kama "Final Fantasy III". VII ilipofika mwaka 1997 namba zikaachwa zifuate Japani, na Wamarekani wakaruka kutoka tatu hadi saba. Makala ya mwaka 1995 yanayosifu "Final Fantasy III" kwa opera yake na mchekeshaji Kefka yanazungumzia VI.

Ipo pia michezo ambayo kweli ni mwendelezo, nayo hutambulika kwa namba ya pili au jina la ziada. X-2 ya mwaka 2003 inamfuata Yuna baada ya X. XIII-2 na Lightning Returns zinaendeleza XIII. Hizo usizianze kabla ya mama yao.

Na mwisho, uliza ni nakala ipi. I hadi VI zilitengenezwa upya kati ya 2021 na 2022 kwa jina la Pixel Remaster, zikiwemo za simu, na zina wepesi ambao za awali hazikuwa nao. VII ya 1997 na Remake ya 2020 si gemu moja kwa mapambano wala kwa kisa. XIV ndiyo kisa kikubwa zaidi: ilizinduliwa Septemba 2010 kama gemu ya mtandaoni, ikaboronga, ikakabidhiwa kwa Naoki Yoshida, seva zake zikafungwa Novemba 2012, kisha ikarudi Agosti 2013 ikiwa imejengwa upya. Ukikutana na hukumu kali juu ya XIV, angalia kwanza imeandikwa mwaka gani. Kama ni 2010 au 2011, inazungumzia gemu ambayo huwezi kuinunua tena.