Kitambaa sio karatasi: mbona kolaji yako inajikunja?

Nabandika na kushona kolaji, yani picha za vipande vilivyounganishwa, za nguo kuukuu na vitu vya kuokota, ni kazi yangu ya kila siku, na swali ninaloulizwa kuliko yote sio la rangi wala mpangilio, ni hili: mbona ilikuwa bapa kabisa jana, leo imekauka pembe zimenyanyuka kama jani kavu? Ni kwa sababu umebandika kitambaa kama unabandika karatasi.

Chukua kipande cha pamba ukivute kufuata nyuzi zake, hakiendi popote. Sasa kivute mshazari, si unaona kinavyonyooka kama lastiki? Ndo hapo wengi wanapoumia: unakata mshazari, unakilowesha gundi ya maji kinalegea, unakinyoosha vizuuuri kwa kiganja, halafu kikianza kukauka kinataka kurudi saizi yake na kinaivuta kadibodi nayo. Mi nakifua kwanza, napiga pasi, nakata kufuata nyuzi, na gundi napaka kwenye ubao, sio kwenye kitambaa, tabaka jembamba tu. Hariri ndo usiseme, gundi ikizidi kidogo inapenya juu na doa halitoki tena.

Mchoraji Picasso mwaka 1912 alibandika kwenye picha yake kitambaa cha mpira cha mezani, kimechapwa nakshi ya kiti cha kusukwa, akazungushia kamba. Wengi wanaona utani wa kiti feki, mi fundi naona kitambaa kisichonyonya maji, iwe alikusudia au la.

Kitambaa kizito kama jinzi sibandiki, nashona, na mshono nauacha uonekane. Hiyo nimejifunza kwa Alberto Burri, Mtaliano aliyekuwa daktari wa jeshi akaanza kuchora akiwa mateka wa vita Texas. Miaka ya 50 alitoa mfululizo wa Sacchi, yani magunia yaliyochakaa, yana matundu na viraka, na uzi wake unapita pale ambapo mwingine angepitisha penseli.

Vyuma navyo vina visa vyao. Niliwahi kugandisha misumari yenye kutu kwenye shuka jeupe, ikapendeza kweli, baada ya miezi kila msumari umejichorea duara la kahawia maana gundi ilikuwa na maji na kutu ikasambaa. Siku hizi chuma napaka vanishi pande zote, au natoboa nafunga kwa waya.

Kwa waya, mtazameni El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Anaunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka vinalala kama kitambaa. Gundi hakuna, ubao hakuna, kwa hiyo hakuna cha kupinda, na kila ikitundikwa upya mikunjo inakaa kivingine.