Ndoana Ikinasa Samaki Usiyemjua: Maswali na Majibu

Nimevua samaki wa chini nisiyemfahamu. Nianze na nini?

Usimshike. Samaki wengi wa chini hawategemei mbio; hujificha mchangani au kwenye miamba na kujilinda kwa miiba. Samaki-jiwe ana miiba 13 yenye sumu mgongoni, na ukimwona kwa haraka utadhani ni jabali lililoota mwani. Taa ana mwiba wenye meno ya msumeno mkiani. Hongwe, yaani kambare wa baharini, ana mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Chomoa ndoana kwa koleo ndefu samaki akiwa bado majini, na ukishindwa, kata mshipi. Usiamini glavu nyembamba, wala usimchezee samaki kwa kuwa amekufa, maana mwiba wake bado una sumu.

Mwiba umenichoma. Maji ya moto yanasaidia kweli?

Ndiyo, na mara nyingi hutuliza maumivu kuliko chochote utakachokipata ufukweni. Sumu ya miiba hii ni protini, na joto huiharibu. Tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi joto 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza mengine kila yanapopoa. Watu wengi huungua hapa: kiungo chenye maumivu makali hakipimi joto vizuri. Pima kwa mkono usiochomwa, au mwenzako akupimie. Baadaye osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Usilichanje, usilinyonye, usifunge kamba juu yake.

Maumivu yakipungua, bado niende hospitali?

Nenda. Vipande vya mwiba hubaki ndani bila kuonekana, na kinga ya pepopunda huenda imekwisha muda. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asingoje hata siku moja, kwa sababu bakteria wa maji ya chumvi wanaweza kumshambulia vibaya. Ukishindwa kupumua, ukizimia au ukivimba uso, hiyo ni dharura. Mwiba ukiwa umezama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe; mtangazaji wa vipindi vya wanyama Steve Irwin alifariki mwaka 2006 baada ya taa kumchoma kifuani. Picha ya samaki pia inamsaidia daktari, kwani kwa samaki-jiwe ipo dawa mahususi ya kupambana na sumu, inayotengenezwa Australia.

Samaki wangu alivimba akawa mviringo. Nikimchemsha sana, naweza kumla?

Hapana, hata kipande kidogo. Huyo ni bunju, na lile joto linaloharibu sumu ya mwiba halifui dafu hapa. Sumu yake, tetrodotoksini, hubaki baada ya kuchemshwa, kukaangwa au kukaushwa. Hujaa hasa kwenye ini na mayai, lakini ngozi na hata nyama ya baadhi ya aina huwa nayo. Dalili huanza na ganzi ya midomo na ulimi, kisha kutapika na kulegea, hadi misuli ya kupumua inapooza huku mgonjwa akiweza kuwa na fahamu zake zote. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii. Kinachookoa ni mashine ya kumsaidia kupumua mpaka mwili uishinde, kwa hiyo mkimbize hospitali mdomo unapoanza tu kufa ganzi. Bunju uliyemvua mrudishe baharini, usimwache ufukweni ambako mtoto au mbwa anaweza kumwokota.