Mzazi hajafika kliniki, basi hajali? Acheni hizo, tuongelee ADHD

Kuna maneno mengi wanasemwa wazazi wa watoto wenye ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Naanza na hili maana ndo linanikera kuliko yote. Eti mzazi anayejali ni yule hakosi tarehe ya kliniki, akikosa mara mbili tu basi huyo kamtelekeza mtoto. Jamani, mahudhurio yanapendwa kwa sababu kuyahesabu ni rahisi. Mtoto wa ADHD anasaidiwa na yale ya nyumbani: kuagizwa kitu kimoja kimoja, kusifiwa papo hapo akipatia, muda wa kulala usiohamahama, dawa kwa wakati kama anatumia. Sasa mchukue baba anayevua dagaa pale Kibirizi, Kigoma, siku za giza usiku kucha yuko ziwani na taa zake, anapumzika mbalamwezi ikiwaka, we umpangie tarehe katikati ya giza halafu umwandike mtoro, kumbe jioni kabla hajaingia mtumbwini ndo yeye anakaa na mtoto na madaftari. Na kuna mwingine hakosi hata siku moja, anaitikia "ndio daktari, ndio daktari", nyumbani mambo yale yale. Muulize alichoelekezwa mara ya mwisho alikijaribu vipi na kilimshindia wapi, hapo utajua.

Eti akiulizwa "dawa anameza?" akasema ndio, imetosha. We nani atasema hapana mbele ya daktari? Hesabu vidonge vilivyobaki, au uliza "wiki hii kakosa siku ngapi", hapo mtu anafunguka. Na mwalimu aulizwe, kwani hata kuthibitisha ADHD kunataka dalili zionekane sehemu zaidi ya moja, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12.

Eti mzazi ni msindikizaji, kazi ni ya dawa. Kwa watoto wa miaka 4 na 5, mwongozo wa 2019 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unaanza na mafunzo ya mzazi, dawa baadaye.

Eti mama anayesahausahau ni mzembe. Hapa taratibu. ADHD inarithiwa sana, tafiti za mapacha zinasema asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu kwenye ADHD inatokana na vinasaba, kwa hiyo huyo mama huenda naye anayo tangu mdogo na hakuna aliyewahi kumwambia zaidi ya kuitwa kichwa maji. Mtumie meseji ya kumkumbusha siku moja kabla ya kliniki. Alan Kazdin, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1997 alitoa dodoso la vikwazo vya wazazi kwenye tiba: misukosuko ya maisha, tiba yenyewe kuwa mzigo, mzazi kuona haimhusu, na kutoelewana na mtoa tiba. Hicho cha mwisho watoa huduma wanakirukaga haraka sana, sijui kwa nini 😅

Mwisho, eti mzazi ni mama tu. Ujiji namjua bibi mmoja ndo anamwamsha mjukuu, ndo anampa kidonge na uji, ndo anaitwa shule mtoto akivunja dirisha. Kwenye kadi ya kliniki jina lake halimo.